Mama Kiroboto na Toleo la Kumi na Moja

Mimi nina saluni, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, kwa hiyo nitaanza na la kwangu kabla wengine hawajanisemea: wifi yangu alipoolewa na kaka yangu, sikumpenda. Si kwamba alikuwa na kosa. Alisalimia vizuri, alikaa vizuri, ila nilipomuuliza anafanya kazi gani akanijibu, "Nachora katuni." Nikamwambia, "Hiyo ni tabia, wifi. Mimi nimeuliza kazi." Akacheka, akatoa kidaftari mfukoni, akanichora palepale: mdomo mkubwa kuliko kichwa, mkono mmoja mkasi, mkono wa pili kidole kinamnyooshea mtu ambaye hata hayupo. Nilinuna wiki mbili. Wiki ya tatu nikaiomba ile picha, nikaibandika juu ya kioo cha saluni, na mpaka leo wateja wananiita Wifi Mkasi, hata wale ambao sina undugu nao wa karibu wala wa mbali.

Miaka kumi na mitano imepita, na bado anachora. Hana mwajiri, hana kampuni, hana mtu wa kumwambia leo njoo, kesho usije. Wanakaa vyumba viwili na jiko, ghorofani, juu ya duka la matairi, na ofisi yake ni meza ya jikoni, ambayo mguu wake mmoja ni mfupi na umewekewa kipande cha tairi. Chakula cha mchana kikishaliwa, meza inafutwa mara tatu: kwa maji, kwa kitambaa kikavu, halafu yeye mwenyewe anapitisha kiganja pole pole kutoka pembe hadi pembe. Tone moja la mafuta likibaki, kazi ya siku mbili imekwenda na maji. Ukiweka kikombe juu ya meza ile saa nane mchana, utajua kwamba huyu mpole naye ana sauti.

Na hafanyi peke yake, ingawa jina linaloandikwa kwenye jalada ni moja. Kaka yangu ni fundi wa friji. Akirudi, ananawa mikono hadi kwenye viwiko, anachukua rula, anamchorea mkewe visanduku. Kisa ni kwamba wifi yangu atakuchorea uso wa mtu mwongo ukaujua ni mwongo kabla hajafungua kinywa, lakini mstari ulionyooka umemshinda kabisa, hata akishika rula kwa mikono miwili. Basi kaka anapiga mistari, wifi anachora kwa penseli, kisha anapita juu kwa wino na brashi. Wino ukikauka, karatasi inakwenda kwa binti yao, ambaye kazi yake tangu akiwa mdogo ni kupitisha kifutio, penseli itoke, ubaki wino peke yake. Ana mkono mwepesi. Hajawahi kukunja hata karatasi moja.

Ukutani kuna misumari mitatu, kila mmoja umeshika kitabu kinachoendelea. Wa kwanza ni Fundi Kimya, bwana mmoja anayetengeneza friji za watu na kusikia siri zote za majikoni kwa sababu watu husahau kwamba yupo. Kaka anakana kwamba ni yeye. Wa pili ni kitabu kisicho na neno hata moja, kuhusu ngazi za jengo lao: nani anapanda, nani anashuka, amebeba nini. Kina mwaka wa nne sasa. Nimemuuliza kitaisha lini, akaniambia, "Watu wakiacha kupanda, wifi." Nikaacha kuuliza.

Msumari wa tatu ndio ulioleta balaa lote. Ule ni wa Kiroboto.

Kiroboto ni mtoto wa kike asiyejua kukaa. Anaruka juu ya vitanda, anaruka maneno ya wakubwa, anaruka foleni. Alizaliwa pale binti yao alipokuwa na miaka sita, na kila alichofanya yule binti, Kiroboto naye alikifanya. Aling'oka jino, Kiroboto naye akang'oka jino. Alimwaga rangi kwenye suruali ya baba yake ya kazini, ikawa kurasa nne. Matoleo kumi yametoka hivyo, yanachapwa kwa Mzee wa Mashine nyuma ya stendi, yanauzwa saluni kwangu, dukani kwa matairi, mlangoni pa shule. Watu waliyapenda hadi wifi yangu akapoteza jina, akawa Mama Kiroboto. Na binti yake naye ikawa hivyo hivyo. Mwalimu anaita majina darasani, akifika kwake anasema, "Kiroboto?" na darasa zima linaangua kicheko. Sisi tuliona ni sifa. Nasema sisi, maana na mimi nilikuwemo.

Sasa, mwaka huu alikuja bwana mmoja kutoka kampuni ya vitabu, viatu vinang'aa, mkoba unang'aa, maneno yake nayo yamepakwa mafuta. Wifi aliniita nikae shahidi, nikafunga saluni nikaenda. Bwana alimvisha wifi yangu kilemba cha ukoka kwa nusu saa nzima: kipaji, hazina, sijui fahari. Kisha akatoa karatasi. Wao wamchukue Kiroboto moja kwa moja, awe mali yao. Wachoraji wao watamchora upya, watamchana nywele, watamvalisha viatu, na yule baba mwenye ovaroli chafu watamtafutia kazi ya ofisini. Kaka yangu, aliyekuwa amekaa hapo hapo na ovaroli lake, akakohoa kidogo.

Wifi yangu alizisoma karatasi zote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akazirudisha. "Huyu ana mwenyewe," akasema. "Huwezi kumchukua mtu ukambadilisha halafu ukasema bado ni yeye."

"Dada yangu, fikiri. Peke yako utafika wapi?"

"Hapa ulipokuja kunitafuta."

Lo! Nilipiga makofi, siwezi kudanganya. Yule bwana alishuka ngazi bila kuaga, ila alipofika mlangoni akageuka akasema tutaonana kwenye maonyesho ya vitabu, tuone. Kila mtu mtaani alilipata lile jibu kabla ya jioni, kwa sababu mimi ndiye niliyelipeleka. Kuanzia hapo toleo la kumi na moja halikuwa toleo tena, lilikuwa heshima ya nyumba. Wifi alichukua meza kwenye maonyesho, ya Jumamosi. Nikabandika tangazo saluni. Lisipotoka, yule bwana atapita pale kutucheka mbele za watu, na atakuwa na haki.

Ndipo mambo ya kura yalipotokea. Haya nayasema kwa ruhusa. Nilimwomba mwenyewe, akafikiri siku mbili, akaniambia, "Sema idadi, Shangazi, lakini hotuba usiitaje hata neno moja." Basi siitaji. Binti yetu, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, aligombea ukiranja shuleni. Aliandaa hotuba, akaifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima. Alipata kura mbili, na moja ilikuwa yake mwenyewe. Alirudi nyumbani na uso mkavu, akavumilia mpaka baba yake alipotoka, kisha akaja jikoni akamweleza mama yake yote, huku analia hadi kwikwi zinamshika. Mama yake akamkumbatia, akamfuta machozi, akamwambia yatapita.

Siku tatu baadaye yakawa kwenye karatasi, yakafunga kurasa za toleo la kumi na moja. Kiroboto mbele ya kioo. Kiroboto anahesabu kura. Kiroboto analia jikoni, kamasi zote. Kusema kweli zilikuwa kurasa nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Ukizitazama unacheka, halafu unazirudia bila kucheka. Na siku ya Alhamisi, wino ulipokauka, wifi yangu, kwa mazoea tu, bila kuwaza, alimwachia binti kurasa zote ishirini na mbili afute penseli, yeye akaenda kununua karatasi za jalada.

Kaka alinipigia simu saa tisa na nusu. Kaka yangu hapigi simu. Nikamwacha mteja na kichwa kina povu, nikakimbia.

Kurasa zilikuwa zimetandazwa mezani na sakafuni. Katika kila moja, kila alipokuwepo Kiroboto, uso wake ulikuwa umejazwa wino mweusi tititi. Wala si kwa hasira ya kumwaga ovyo. Alitumia brashi ndogo, akafuata ukingo wa kidevu na wa sikio, asiguse mtu mwingine wala herufi moja. Ungejua mara moja mkono ule ameurithi wapi. Mwenyewe alikuwa amesimama karibu na friji, vidole vyeusi, hakuvificha.

Wifi yangu alikuwa ameketi chini sakafuni na mkoba wa karatasi mapajani. Basi nikasema mimi, maana kimya mimi kinaniwasha. "Wewe mtoto una wazimu? Kazi ya miezi mitano! Keshokutwa mama yako atasimama mbele za watu na nini? Ungekuwa wangu ningekukung'uta hadi wino ukutoke puani!"

"Sawa, Shangazi," akasema.

"Usiniambie sawa! Mimi mama yako kanichora mdomo kama beseni. Nilikufa?"

Akanitazama. Hana dharau yule mtoto, ningeiona dharau ningejua la kufanya. "Wewe alikupa ukaitazama," akasema. "Ukanuna, ukakataa, kisha ukaitaka mwenyewe. Mimi nilipewa nifute."

Nikatafuta jibu. Mimi, Wifi Mkasi, natafuta jibu! Kabla sijalipata mlango ukagongwa, akaingia Mzee wa Mashine, amekuja mwenyewe kuchukua kurasa ili Ijumaa aanze asubuhi. Akavaa miwani. Akainama juu ya meza, akatazama ukurasa mmoja, wa pili, wa tano, na sisi tunamtazama kama watu wa msibani. Kisha akanyanyuka, na macho yake yamelowa.

"Mwanangu," akamwambia wifi yangu, "miaka arobaini nachapa, sijaona kitu kama hiki. Mtoto aliyekosa uso! Watu watalia. Usiguse kitu. Nipe nichape hivi hivi."

Na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu nilimwona wifi yangu. Alikuwa amekata tamaa, na sasa akageuka akazitazama zile kurasa upya, na mkono wake wa kulia ukaanza kucheza hewani kama anavyofanya akipata wazo. Alisimama. Akachukua ukurasa wa jikoni, ule wa machozi, akaunyanyua kwenye mwanga. Mzee alikuwa na haki, mimi mwenyewe niliona. Ulikuwa unachoma moyo. Lilikuwa toleo litakalomnyamazisha yule bwana milele, na lilikuwa pale, limekamilika.

"Hata huo weusi ni wangu," binti akasema. Hakurudi nyuma hata hatua moja. "Niliuweka ili nisionekane. Ukiuchapa, utakuwa umenichukulia na huo."

Mzee wa Mashine akavua miwani. Wifi akabaki ameshika ukurasa juu vile vile. Na kaka yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema kwa upole kabisa, "Mke wangu, yule bwana wa kampuni ulimwambia nini?"

Mkuki kwa nguruwe. Sikuhitaji kuusema, ulikuwa umeshaingia. Wifi yangu akaushusha ule ukurasa pole pole, akakaa kwenye kiti, akawa mdogo.

"Ulipokuwa unalia," akamwambia binti yake, "mkono mmoja ulikuwa mgongoni kwako, na mwingine unatafuta penseli. Nilijua. Nikajiambia ni kazi. Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Mimi nimelelewa na mama ambaye hakuwahi kumwomba mtoto msamaha, hata siku aliyonichapa kwa kosa la kaka. Nilitaka kusema kitu, nikafungua mdomo, kaka akanikanyaga mguu. Wifi akaanza kuokota kurasa, za mezani na za sakafuni, zote ishirini na mbili, akazipanga kwa nambari, akagonga kingo zikalingana. Mzee wa Mashine akasema, "Lakini, mwanangu, Jumamosi..." Akamjibu, "Najua Jumamosi, Mzee." Akamkabidhi binti kwa mikono miwili. "Chukua. Zako."

Binti akazipokea, akaenda nazo chumbani, akafunga mlango. Alichozifanyia hakuna anayejua. Hatukusikia karatasi ikichanika, wala mimi sijauliza, na mnajua ilivyo kazi kwangu kutouliza.

Wifi akamgeukia mumewe. "Na wewe? Fundi Kimya. Sijawahi kukuuliza."

Kaka akawaza sana, akatazama msumari, akatazama tumbo lake. "Endelea," akasema. "Ila kitambi kipunguze." Mzee wa Mashine alicheka hadi akakaa.

Ijumaa nilimsihi asiende. Nilimwambia kukaa nyumbani si aibu, tutasema anaumwa. "Mimi siumwi," akasema, "na meza ni yangu." Jumamosi asubuhi tukabeba matoleo ya zamani, yale binti aliyoyaruhusu. Kulikuwa na mawili aliyoyatoa kwenye boksi na kuyaacha chini ya kitanda, na mama yake hakuhoji. Mahali pa toleo jipya, katikati ya meza, wifi akaweka karatasi ngumu, akaandika kwa brashi: Toleo la kumi na moja halitatoka.

Ukumbi ulijaa. Watu walikuja, wakasoma, wakasikitika, wengine wakakasirika kabisa. Mama mmoja alituambia ametoka mbali. Wifi aliwaambia wote pole, wala hakutoa kisingizio. Na saa tano hivi viatu vikang'aa. Bwana wa kampuni akasimama mbele ya ile karatasi, akaisoma kwa sauti ili na wa jirani wasikie.

"Nilikwambia, dada. Peke yako ni kazi. Umekwama wapi?"

"Sijakwama. Nilimaliza kurasa zote. Kiroboto amekataa."

Akacheka, akatazama huku na huku awapate wa kucheka naye. "Mhusika anakataaje?"

"Wako hawakatai," akasema wifi yangu. "Ndiyo maana sikukupa wangu."

Nilijikaza nisipige makofi. Nikashindwa. Bwana akarekebisha tai, akaenda zake.

Mchana binti akaja. Hakuna aliyemwita. Alikuja na baba yake, akasimama pembeni ya meza, mikono nyuma, vidole bado vina rangi kwenye kucha. Hakuwa amesimama dakika mbili, akatokea dada mmoja na mtoto wake mdogo aliyekumbatia toleo la tatu. Dada akamwangalia binti yetu, akamwangalia Kiroboto kwenye jalada, akapiga kelele.

"Jamani, si ndiye huyu! Mwanangu, njoo, njoo umwone Kiroboto mwenyewe! Simama hapo, mama, niwapige picha!" Simu ilikuwa tayari mkononi.

Nikamwona binti anavyokakamaa. Na nikamwona wifi yangu anasimama, anazunguka meza, anakuja kusimama kando yake, bila kumshika.

"Umekosea, dada. Kiroboto yuko kwenye kitabu. Huyu ni mwanangu."

"Lakini sura si ile ile?"

"Sura ni yake. Ukitaka picha, muulize yeye, si mimi."

Yule dada akababaika, akamgeukia binti, akamuuliza kama anaweza.

"Sitaki," binti akasema.

"Umemsikia," akasema mama yake.